K, E, 70

Jamani wasomaji, nimekuwa kimya wiki tatu. Si uvivu. Nilikuwa chini ya boneti ya gari la marehemu baba, Toyota Corolla DX, ambalo limelala uani kwetu hapa Makadara tangu tumzike.

Mama aliamua kuliuza. Mnunuzi akaja, akasoma logibuku, akainama kutazama injini, akafunga boneti. "Mama, gari hili lina maneno." Akaenda zake. Namba ya injini haikufanana na iliyoandikwa. Mtaani kwetu neno kama hilo halichelewi kugeuka "gari la wizi", na mamangu hakulala usiku ule.

Nikaanza na kile kibati kwenye ukuta wa nyuma ya injini. KE70, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. K ni ukoo wa injini. E ni Corolla. 7 ni kizazi, kile kilichoanza 1979, na 0 ni aina ndani ya kizazi hicho. Ndivyo ilivyo hata AE86 inayosifiwa dunia nzima: A, E, 8, 6.

Mimi tena, nikaandika kijiprogramu cha Python. Kata herufi, ya mwisho ni gari, zilizotangulia ni injini. AE100 ikapita, AE110 ikapita, hata NZE121, ambayo injini yake ni NZ. Nikajiona bingwa mpaka nilipoingiza Nissan Sunny ya jirani, FB14. B14 ni gari, sawa, lakini F ndiyo injini ya GA15. Utaijuaje bila jedwali? Na kwenye FB15, F ile ile ni QG15! Aliyepanga hivi hakuwahi kurekebisha msimbo wa mtu mwingine.

Turudi uani. KE70 yetu ilitoka kiwandani na 4K, cc 1290, na logibuku inasema hivyo hivyo. Lakini injini iliyomo imegongwa 5K, cc 1486. Ukoo mmoja, inakaa pale pale bila kuchomelea chuma. Nikasugua kutu kwenye bodi: namba ya chasisi ni ile ile ya logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Gari ni letu. Iliyobadilishwa ni injini, na hakuna aliyekwenda kuandikisha.

Nikamfuata fundi wa zamani wa baba, Majengo. Akacheka. "Mwanangu, babako alichoka kupanda Wundanyi kwa gia ya kwanza, nyinyi watano mmejazana nyuma. Hii niliitia mimi."

Risiti ya injini mama aliipata kwenye bahasha ya vyeti vyetu vya shule. Tumeanza kufuatilia marekebisho ya logibuku.

Mnunuzi amepiga simu tena jana. Mama bado hajamjibu.

Msimbo nitauweka hapa nikimaliza jedwali la Nissan. Ukiwa na kibati chenye herufi zilizokushinda, niandikie.