Papa wa Kolwezi

Paje na Jambiani, Unguja, siku hizi wapo vijana wa Kizungu ambao hawakuja kutalii, wamekuja kukaa. Wamekodi chumba kwa mtu, wanafundisha wenzao kuteleza juu ya maji kwa vishada, wanakunywa madafu asubuhi, na ukiwauliza kwao ni wapi wanakuonesha mnazi. Siwalaumu. Mimi nilipokuwa na umri kama wao, miaka 24, niliondoka kisiwa hicho hicho kwenda kuanza maisha katika mji wa Kolwezi, Kongo.

Mama aliposikia aliuliza, "Kolwezi kuna nini?"

Nikamwambia kuna shaba. Akaligeukia dele lake la kahawa pale juu ya kabati, akasema, "Na hii je?"

Kampuni moja ya mizigo ya Dar es Salaam ilitaka karani wa nyaraka wa kukaa hukohuko yanakotoka malori. Nilikuwa na Kifaransa cha darasani, ambacho hakikuwahi kununua hata boflo, na Kiswahili cha Ng'ambo, ambacho nilidhani kitanifikisha popote. Nikapanda basi. Tunduma, halafu Zambia mfululizo mpaka Chingola, halafu Kasumbalesa, mpakani, ambako foleni ya malori ni mji wenyewe: watu wanapika, wanafua, wanaoa, nadhani. Nusu ya madereva walikuwa wetu, wa Tanga, wa Iringa, wa Mbeya. Lubumbashi nikalala usiku mmoja. Kutoka hapo hadi Kolwezi ni kilomita 300 na ushei kupitia Likasi na Fungurume, na njia nzima unapishana na malori yamebeba sahani za shaba zilizofungwa mikanda ya chuma, kila sahani karibu mita moja kwa mita moja. Wenyewe wanaziita katodi. Jua likizipiga, dereva wetu alikuwa anakunja uso na kushusha kofia.

Kabla ya kuingia mjini tukavuka daraja la Lualaba. Nililijua jina hilo tangu skuli. Mbali sana chini ya mto huu, Maniema, ndiko Tippu Tip alikotafuta pembe na watumwa, kisha akarudi kukaa kwenye nyumba yake ya Shangani ambayo mpaka leo watalii wanapiga picha mlango wake. Nilitegemea mto mkubwa wa kutisha. Nikaona maji ya kahawia, mapana kiasi, yanakwenda zao kaskazini bila haraka, na mwanamke anafua. Ndio mto Kongo wenyewe ukiwa mtoto.

Kolwezi upo juu, karibu mita 1,450 kutoka usawa wa bahari, na mimi niliufikia mwezi Juni. Hakuna aliyenionya. Usiku wa kwanza nilivaa kanga tatu na baibui juu yake, nikalala nimejikunja kama kamba wa kwenye pakacha. Asubuhi mama mwenye nyumba alinikuta uani nimekodolea macho moshi unaotoka kinywani mwangu mwenyewe.

"Jambo yaya," akasema. "Unaisha kukula?"

Kwetu yaya ni mwajiriwa wa kulea watoto. Nikajiuliza nimekosea mlango ama nimeajiriwa usingizini. Kumbe huku yaya ni kaka au dada mkubwa, heshima tu, na lile swali lingine lilikuwa kama nimekwisha kula. Akamwita mumewe atoke kunisalimia: "Papa! Papa, kuya!"

Mimi ni mtu wa Unguja. Papa namjua kwenye mchuzi wa nazi, ama akiwa mkavu wa chumvi. Akatoka mzee mrefu mwenye sweta la sufu na miwani, akanipa mkono. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipoweza kueleza sababu wakacheka wao zaidi yangu. Tangu siku hiyo, kila mzee akipita njiani mama yule alikuwa akininong'oneza, "Angalia, samaki."

Kiswahili changu walikipa jina. "Unasemaka Kiswahili bora," waliniambia, na mwanzoni nikavimba kichwa. Baada ya wiki mbili nikaelewa kuwa si sifa kamili. Kiswahili bora ni cha kitabu, cha mahubiri, cha redio. Ukinunua nyanya kwa Kiswahili bora unauziwa kwa bei ya mgeni. Sokoni, na kwenye mlolongo wa maji, kilichokuwa kinafanya kazi ni kingine: watu ni bantu, maji ni mayi, udongo ni bulongo, mke wa mtu ni bibi hata akiwa na miaka 20, pesa ni franga, na bei inatajwa kwa Kifaransa huku mengine yote yakibaki ya Kibantu. Kupiga na kupika ni neno moja, kupika, kwa hiyo utasikia mtu amepikwa na mwizi nawe ukatafuta sufuria. Na ukimaliza kulalamika juu ya lolote, umeme, foleni, mume, utajibiwa "njo vile", ndivyo ilivyo, na mazungumzo yamefungwa.

Nilikuwa mjuaji. Nilisahihisha watu. Siku moja yule papa alinisikiliza nikimrekebisha mjukuu wake, kisha akaniuliza kwa upole kama Kiswahili ni mali ya baba yangu. Akanieleza. Baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906. Mji wenyewe ukaanza mwaka 1937. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa na Waluba, Walunda, Wabemba, watu wa Rwanda, na hakuna aliyekuwa na lugha ya mwenzake. Wakapewa Kiswahili kama walivyopewa buti na blanketi, wakakivaa mpaka kikachukua umbo la miguu yao. "Sisi tulikitumia kazini," akasema, "nyinyi mlikuwa mnakitumia baraza." Sikumjibu, maana ni kweli tuna baraza nyingi.

Na hapo ndipo nilipoanza kuupenda mji huu. Kila mtu Kolwezi ni mtoto wa mtu aliyekuja. Kwetu mgeni anabaki mgeni mpaka wajukuu wake. Kule nilikuwa yaya kabla sijafungua begi.

Hata mkubwa wa kale wa nchi ile alikuwa mhamiaji, na alitoka upande wetu. Msiri alikuwa kijana wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Tabora, aliyefuata njia ya baba yake mfanyabiashara wa shaba katikati ya karne ya 19, akabaki, akajenga dola lake Bunkeya, ambako leo ni mkoa huu huu wa Lualaba. Shaba na pembe zake zilikwenda pwani zote mbili, ya Angola na ya kwetu. Mwaka 1891 Kapteni Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alikusanya watu Unguja, akavuka Bagamoyo, akaenda kwa miguu hadi Bunkeya kumtaka Msiri aikubali bendera ya Leopold. Msiri akakataa. Tarehe 20 Desemba akapigwa risasi na ofisa mmoja wa msafara ule, Bodson, naye Bodson akapigwa akafa. Askari na wapagazi wengi wa Stairs walikuwa Wazanzibari. Nilipomtajia papa jambo hili kwa aibu kidogo, kana kwamba nilikuwepo, alisema Wazanzibari wa safari ile hawakukaa kula bukari, ndiyo maana walifanya makosa.

Bukari ni ugali. Unga mweupe wa mahindi, mara nyingi umechanganywa na wa muhogo, unasongwa mpaka unang'aa. Pembeni sombe, yaani kisamvu, na bitoyo, samaki wa chumvi, ambao ndio walionituliza hamu ya nyumbani. Lakini mvua zikija, nenda barabara ya kutoka mjini utafute bowa. Ni uyoga wa porini, wa miombo. Mmoja unaweza kuwa mpana kuliko sinia la pilau, na watoto wanausimamisha juu ya vichwa vyao kama mwavuli ili magari yauone. Mama mwenye nyumba alikuwa akiuchana kwa mkono, hatumii kisu, anaukaanga na kitunguu na karanga za kutwanga. Nimekula pweza wa Forodhani tangu utoto, na bado nasema hivi: bowa kwanza.

Sifa zisinipeleke mbali. Mji una vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya saa. Dola inatumika kila mahali, lakini noti ikiwa na mchano wa ukubwa wa ukucha haikubaliki kwa yeyote. Nilitembea na dola ishirini yangu miezi minne kama mgonjwa anayetafuta hospitali. Mashimo ya migodi yako pua na mdomo na nyumba. Kasulo, mwaka 2014, mtu alichimba uani kwake akakutana na kobalti, na muda si muda mtaa mzima ukawa unachimba, uani, barazani, hata ndani ya vyumba vya kulala, mashimo yamefunikwa maturubai. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na nyingi yake ni ya eneo hili. Simu yako ina chembe zake. Vijana waliokuwa wakishuka kwenye mashimo yale walikuwa rika langu. Wengine hawakupanda tena. Nilizoea kuwaona alfajiri wamepakiana kwenye pikipiki, tochi kichwani, na sikuzoea.

Wazee nao wana mengine. Mei 1978 waasi walioingia kutokea Angola waliushika mji tarehe 13, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kushuka angani. Katikati ya siku hizo waliuawa mamia ya watu, wa hapa na Wazungu. Papa alikuwa chini ya kitanda. Alilisema hilo mara moja tu, akageukia habari ya AS Simba, timu yake. Hapa niseme kuwa nilipata tabu: Simba kwangu ni ya Msimbazi, nayo siipendi, kumbe Kolwezi Simba ni klabu ya mji, na Simba ni bia, na kila moja ina mashabiki wasiotaka mzaha.

Jumapili moja ya mwezi Aprili papa alinichukua nje ya mji kunionesha kitu. Tulitembea ndani ya miombo, miti mirefu imeshikana, halafu ghafla miti ikakoma kana kwamba mtu ameikata kwa kamba. Mbele yetu kilima kipara, nyasi fupi, na juu yake maua madogo ya buluu ya zambarau, maelfu, yamekaa karibu na ardhi.

"Hapa miti inakatalaka," akasema.

Shaba ni nyingi mno kwenye udongo wa vilima hivyo. Mizizi ya miti haiwezi kuivumilia. Mimea michache tu ndiyo inayoweza, na mmoja wataalamu wameuita Haumaniastrum katangense, kwa jina la nchi hii, Katanga. Ukiona ua lile unajua kilichopo chini, na watafuta madini walilitumia kama ramani. Papa akainama, akaokota jiwe la ukubwa wa embe bolibo, akalilowesha mate na kulisugua kwa sweta. Likatokeza kijani, si kijani cha jani, kijani cha maji ya Nungwi saa sita mchana, na mistari ya duara ndani yake kama mawimbi yaliyogandishwa. Wahunzi wa zamani walilipika jiwe hilo kwenye tanuru la udongo kwa makaa ya miombo, wakamimina shaba kwenye kalibu za msalaba, na misalaba ile ndiyo iliyokuwa fedha. Nchi nzima iliwahi kuitwa kwa jina la shaba yenyewe: kuanzia 1971 hadi 1997 Katanga iliitwa Shaba. Neno letu, nikafikiri. Halafu nikakumbuka baraza, nikanyamaza.

Juu ya kilima kile aliniuliza kama naitamani bahari. Nikamwambia sana. Akanyoosha mkono magharibi: reli ile inakwenda Dilolo, mpaka Lobito, Atlantiki, tangu mwaka 1931. Akanyoosha mashariki: malori yenu yanakwenda Dar. Akanyoosha chini: mvua ikinyesha hapa inafuata Lualaba mpaka Atlantiki, lakini si mbali sana kusini mwetu unaanza Zambezi, na huo unakwenda kwenye bahari yako. "Weye uko na bahari moja," akasema. "Siye tuko nazo mbili, ziko mbali tu."

Nilikaa karibu miaka miwili kabla ya likizo ya kwanza. Papa alinipa lile jiwe nimpelekee mama, na mama akaliweka juu ya kabati, ubavuni mwa dele, bila kuuliza kitu. Mchana joto lilikuwa la Februari, kaskazi imelala, na mwili wangu ulikuwa umesahau kutokwa na jasho. Nikatoka mpaka dukani kwenye kona, koo limekauka.

"Nipatie mayi," nikamwambia kijana.

Akavuta trei. "Mangapi?"