Na Wewe Usiku Ule Ulikuwa Wapi?

Natoa ushauri nasaha hapa Ukonga, Dar es Salaam, katika chumba kidogo nyuma ya zahanati. Miaka ya mwanzo, msimamizi kwangu alikuwa mtu wa gari la ofisi: anafungua rejista, anahesabu vitendanishi vya VVU, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka. Vitendanishi lazima vihesabiwe, sina ugomvi na hilo. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nayasikiaje ninayoyasikia mle ndani.

Baadaye nikapata msimamizi wa namna nyingine, mzee mmoja mwanasaikolojia mstaafu. Nilimpelekea habari ya mama aliyepotezana na mwanawe usiku mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011. Mtoto alipatikana, lakini mpaka leo radi ikipiga mama huyo huamka kuhesabu watoto. Kila nikitoka kuongea naye, usingizi unanipaa. Nikamweleza mzee kitaalamu: dalili, hatua, mpango. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na wewe, mwanangu, usiku ule ulikuwa wapi?"

Nilikuwa barabarani nakimbilia eneo la Banana, kiatu kimoja mguuni, nimemkamata mdogo wangu mkono. Sikuwa nimemsimulia mtu. Nililia, naye hakunizuia, wala hakujigeuza mshauri wangu. Kwa hayo yangu alinielekeza kwa mwenzake. Kikao chetu ni cha mteja, alisema. "Tutafute lipi lake, lipi lako."

Tangu hapo naweza kukaa na mama yule palepale kwenye mlio wa mabomu, bila haraka ya kufika mtoto anapopatikana.

Uingereza, chama cha washauri, BACP, kinamtaka mshauri aliyeidhinishwa asimamiwe walau saa moja na nusu kila mwezi, hata awe mkongwe. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Mimi hapa vikao vyangu vya kusimamiwa najilipia, na sijutii hata senti.

Sasa nasomea usimamizi wenyewe. Ukongwe hautoshi: mteja humwoni, unamsikia kupitia mdomo wa mshauri wake. Vikao ninavyosimamia hurekodiwa kwa ridhaa, na mzee huvisikiliza. Juzi alisimamisha sauti pale kijana ninayemsimamia alipocheka katikati ya habari ya msiba. "Umesikia nini?" Tukarudisha nyuma, mara mbili. Mimi nasema woga, mzee anasema hasira. Kijana anakuja Jumanne, tutamuuliza mwenyewe.