Sinema Ilianzia Vugiri

Kwa sisi tuliokulia Lushoto, jumba la sinema lilikuwa Tanga. Majestic ilikuwa huko, na ndiko walikotoka kaka zetu na habari za stelingi aliyeruka juu ya treni na adui aliyepigwa mpaka watu wakasimama juu ya viti. Kufika kwenyewe ilikuwa kazi: gari la alfajiri, kona za Soni zinazotapisha watoto, Mombo ambako joto la nyika linakupokea, kisha Korogwe na Muheza, ndipo uione bahari. Tiketi haikuwa shida sana. Nauli ndiyo iliyokuwa kilio. Wengi wetu tuliijua sinema ya Tanga kwa kusimuliwa miaka mingi kabla hatujaingia ndani.

Sinema tuliyoiona kwa macho ilitufuata. Landrover ya serikali ilipanda mara chache, na siku ilipofika kipaza sauti kilitangaza tangu mchana: leo usiku kuna sinema, bure, uwanjani. Jioni ukungu ulikuwa umeshashuka. Mama zetu walijifunga vitenge viwili viwili, maana baridi ya Julai ya kwetu haimhurumii mtu aliyekaa kwenye majani yaliyolowa. Fundi alitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, akaweka jenereta mbali ili mngurumo wake usimeze sauti. Kwa sababu ya ukungu, mwali wa projekta ulionekana wote, tangu kwenye lenzi mpaka kwenye shuka, na watoto tulirusha kofia ndani yake tuzione zikiwaka. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka. Huko waliona picha ileile, ila maandishi yalisomeka kinyume na kila mtu alikula kwa mkono wa kushoto, jambo lililowaudhi sana wazee.

Kwanza yalikuja mafunzo: choo, maji ya kuchemsha, kilimo cha matuta. Kwa wazee neno matuta lilikuwa na uchungu, kwa kuwa katika miaka ya 1940 na 1950 wakoloni walilazimisha watu wa Mlalo na kwingineko Usambara kulima kwa matuta, na watu wakakataa kwa nguvu zote. Lakini hakuna aliyeondoka, kwa sababu Charlie Chaplin aliwekwa mwisho. Fundi alishika maikrofoni akatueleza kila kitu kwa Kiswahili, akaongeza na ya kwake, akawataja watu wa kijijini petu waliofanana na yule bwana wa kofia na fimbo. Kusema kweli tulikuwa tunamsikiliza yeye kuliko tulivyotazama shuka. Tulikuwa watoto wa hadithi za jikoni usiku, za Mbegha mwindaji na nguruwe wake, na kwetu picha isiyo na msimulizi ilikuwa nusu picha.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ile Landrover ilikuwa na asili yake milimani kwetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, juu ya Korogwe, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu. Waliokiongoza walikuwa Waingereza wawili: Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Fedha zilitoka hasa kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35 za milimita 16, juu ya chai, safura, akiba ya posta, mmomonyoko wa udongo na mengine. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri zikapigwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusemwa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiganda au Kibemba. Kisha vyombo vilipakiwa kwenye lori, vikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Sizisifii filamu hizo. Ziliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, na nyingi zilikuwa za mtu mjinga anayeangamia na mwerevu anayenusurika kwa kumtii bwana mganga au bwana shamba. Lakini mbele ya kamera walisimama watu wa huku, na vijana wa Kiafrika walifanya kazi katika kituo kile. Fedha za Carnegie zilipokwisha 1937, kituo kikafungwa. Njia ya kuipeleka sinema kwa gari haikufa, na serikali ya kikoloni iliiendeleza. Mmoja wa vijana waliozunguka na sinema hiyo baada ya vita alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa ustawi wa jamii, aliyeigiza pia katika filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 huyo mwigizaji akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Majestic niliiona hatimaye, nikiwa kijana, katika picha la Kihindi la saa tatu. Nilichokumbuka baadaye ni watu zaidi ya picha: kina mama waliokuja na watoto na bisi, vijana wa mbele walioimba nyimbo zote bila kujua maana ya neno moja, na mzee mmoja nyuma yangu aliyemtafsiria mkewe tangu mwanzo mpaka intavali, akikisia tu, naye mkewe akilia panapostahili.

Kisha ikaja mikanda. Katika miaka ya 1980 deki ziliingia, na majumba makubwa nchini yakaanza kukosa watu. Mwaka 1994 televisheni ilipoanza Tanzania Bara, mengi yalikuwa yamekwishachoka. Kwetu mlimani, kinyume chake, ndipo tulipopata sinema ya kudumu kwa mara ya kwanza: banda umiza, chumba cha mbao chenye mabenchi na runinga moja, jirani na soko. Humo akatawala Lufufu, Kapteni Mukandala, kwa sauti yake iliyorekodiwa juu ya picha za Kichina na Kihindi, akitafsiri, akitania, akitabiri atakayekufa. Watoto waliuliza kwanza kama mkanda ni wa Lufufu ndipo walipe. Nilipomsikia nilimkumbuka fundi wa Landrover na maikrofoni yake.

Sasa kila kijana ana sinema mfukoni, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni mwingine. Kati ya filamu zile za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza katika hazina ya British Film Institute: moja ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, moja ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Watoto wa Vugiri hawajaziona. Bodi ya Filamu Tanzania na halmashauri za Korogwe na Lushoto ziombe nakala, zitundike shuka kwenye uwanja wa shule ya Vugiri, na zimpe maikrofoni mtu wa hukohuko azisimulie, azikosoe pia. Kazi hiyo inahitaji jenereta moja na barua moja. Naomba barua hiyo iandikwe.