Madoa ya Mkanda

Usafi una daraja zake. Upo usafi wa kuonekana, ambao hupendeza macho ya wageni. Na upo usafi wa kufaa, ambao hulinda uhai hata kama hapana anayeusifu. Aghalabu mtu hushughulika na ule wa kwanza akausahau wa pili. Mkanda wa usalama wa gari umenifundisha kuwa mara nyingine usafi huu na ule hukutana katika kitu kimoja, na mwenye kuutafuta mmoja kwa pupa huweza kuuharibu mwingine.

Gari langu lilikuja kutoka Japani limekwisha kutumika, na ndani yake lina rangi ya maziwa: viti, zulia, na mikanda pia. Rangi hiyo ni njema kwa jua la Tanga, lakini haina siri. Udongo mwekundu wa Usambara, jasho la shingo, mafuta ya nywele na chai iliyomwagika, vyote huandika habari zao juu yake. Mikanda ilitangulia kupata weusi pale ipitapo begani.

Nisingalijali sana kama si mjomba wangu. Ijumaa moja nilimchukua kwenda msikitini, naye amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vema. Nilipomwomba afunge mkanda aliutazama, akausukuma kwa ncha ya kidole, akasema, "Mwanangu, kanzu hii si kitambaa cha kufutia vyombo." Nilimtandikia taulo safi begani, akakubali. Lakini nilitambua kuwa doa, ambalo nililidhani aibu tu, lilikuwa limegeuka hatari. Mkanda usiovaliwa ni utepe mtupu.

Mkanda wa ncha tatu ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Huushika mwili begani, kifuani na nyongani. Kampuni hiyo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie ubunifu huo bila ya malipo. Zawadi kubwa namna hii haistahili kukataliwa kwa ajili ya weusi wa jasho.

Kijana mmoja mwosha magari alinishauri nitumie dawa ya klorini, ile ing'arishayo mashuka. Nilimshukuru, nikakataa. Utepe wa mkanda hufumwa kwa nyuzi za poliesta, na kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa huutaka ustahimili mvuto wa kilonyutoni 14.7 bila ya kukatika, yaani kadiri ya uzito wa kilo 1,500. Dawa kali huweza kuzidhoofisha nyuzi hizo, na udhaifu wake hauonekani kwa macho. Mkanda ungeng'aa kama theluji, kisha ukamsaliti mtu siku ya ajali.

Njia iliyo salama ni ya subira. Niliuvuta mkanda mpaka mwisho wake, nikaubana kwa kibanio karibu na tundu utokeamo, usipate kurudi ndani. Nikachanganya sabuni laini na maji ya uvuguvugu, nikasugua polepole kwa brashi laini kufuata urefu wa utepe. Maji yalikuwa kidogo, kwa sababu yakiingia katika chombo kiuvutacho mkanda au katika kifungio huweza kuleta kutu. Nikapangusa kwa kitambaa chenye maji safi, nikakariri mara tatu. Kisha niliuacha ukauke kivulini, milango wazi, hata siku ya pili. Maana mkanda urudishwao na unyevu huota ukungu na kunuka. Viti na zulia niliviosha vivyo hivyo, kwa povu zaidi kuliko maji.

Weusi uliondoka. Wekundu wa udongo ulipungua, ukabaki kama kivuli chepesi ambacho sikukifukuza. Nilikagua kingo za utepe kwa vidole: kama ningeona nyuzi zilizochanika, dawa yake isingekuwa sabuni bali mkanda mpya.

Tangu hapo naviona vitu vingi kwa kipimo hicho. Madoa mengine hapana budi yaondoke, kwa kuwa huwafukuza watu penye usalama wao. Mengine huvumiliwa, kwa kuwa bei ya kuyafuta ni nguvu ya kitu chenyewe. Mwenye hekima hujua lini asugue, na lini aweke brashi chini.