Chamonix: Manung'uniko ya Waendao Juu

Basi la bonde la Chamonix hunuka soksi mbichi hata kabla jua halijachomoza. Abiria wamesimama bega kwa bega, mkono mmoja umeshika jozi ya skii, mwingine umeshika chuma cha basi, na kila dereva akikanyaga breki zile mbao ndefu hugongana juu ya vichwa vya watoto. Hakuna anayesema samahani. Wanachosema ni kwamba basi limechelewa tena.

Mji wenyewe ni mdogo. Uko Ufaransa, karibu na mipaka ya Uswisi na Italia, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, na umebanwa katika bonde jembamba linalopitiwa na mto Arve. Upande mmoja kuna Mont Blanc, mita 4,800 na ushei, na mtu akiwa dukani ananunua mkate hana budi kurudisha shingo nyuma kabisa ili akione kilele. Upande wa pili kuna safu ya miamba myekundu inayoitwa Aiguilles Rouges. Jua la Januari huchelewa kufika chini na huwahi kuondoka. Hapa ndipo michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika, mwaka 1924, na tangu hapo watu hawajaacha kuja kuteleza.

Mimi sikwenda kuteleza. Nilikwenda kutazama, na kwa kuwa asiyecheza hana kazi nyingine, nilisikiliza. Kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa lugha ya mikono, nilichosikia kutwa nzima ni malalamiko.

Yanaanzia kwenye buti. Nilikaa asubuhi moja katika duka la kukodisha vifaa, kwenye benchi lililofunikwa zulia lililolowa, nikimtazama dada mmoja mzaliwa wa Bukavu akiwavisha wateja. Buti la skii ni gamba la plastiki ngumu linalopanda hadi katikati ya muundi, lina vifungo vinne vya chuma mbele, na ndani yake kuna soksi nene ya sponji. Mtu hulivaa akiwa amesimama, anasukuma mguu kwa nguvu zake zote, macho yamemtoka, mpaka kisigino kizame chini. Baada ya hapo goti halinyooki vizuri. Anatembea kwa kisigino kwanza, ko, ko, ko, juu ya vigae, akijishikilia kwenye rafu.

Akaingia mzee mmoja mwenye uso mwekundu, akaketi, akasema vidole vimekufa ganzi na kwamba ameuziwa ubovu. Dada hakujibu. Alipiga goti, akafungua kifungo cha juu, akaingiza vidole viwili, akavuta. Ukatoka upindo wa suruali ya ndani, umekunjamana, umelowa jasho. Akatoa na soksi ya pili. Ndani ya buti huingia mguu na soksi moja tu. Chochote kinachozidi kinakaba damu. Akafunga tena, kifungo baada ya kifungo, kuanzia chini. Mzee alisimama, akachezesha vidole, akakunja uso. Kisha akauliza kwa nini kukodi ni ghali kuliko mwaka jana.

"Yaya, unaona?" dada akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Hapa watu banalipa pesa mingi ili balalamike."

Na pesa ni nyingi kweli. Kadi ya siku moja ya kupanda kebo inapita euro 60 kwa mtu mzima. Ni kadi ya plastiki inayokaa mfuko wa kushoto wa koti, na mlango wa chuma unaisoma ukipita, bila kuitoa. Upepo ukivuma juu, kebo zinasimamishwa kwa usalama, na hapo ndipo utawasikia. Mmoja anadai arudishiwe nusu. Mwingine anasema zamani, na neno hili zamani limejaa sana katika bonde hili, kadi ilikuwa rahisi na theluji ilifika madirishani.

Foleni ya asubuhi katika kituo cha kebo cha Flégère, kijijini Les Praz, ilinipeleka moja kwa moja kwenye pantoni ya Kigamboni: watu wametulia kwa adabu mpaka geti lifunguliwe, kisha adabu inaisha. Tofauti ni kwamba hapa kila mmoja amebeba mbao mbili za chuma na plastiki zenye kingo kali. Kule juu kwenye foleni za viti vya kuning'inia hali ni mbaya zaidi, kwa sababu skii tayari ziko miguuni na zinatokeza nyuma. Wa nyuma yako anazikanyaga. Unasikia mkwaruzo, unageuka, naye anatazama milima. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa hasira ileile, kwamba hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Isipokuwa wale wanaoteleza kwa ubao mmoja, wakaongeza, ambao huketi katikati ya njia kufunga viatu vyao. Wa ubao mmoja, nao nikiwauliza, wana orodha yao.

Kuna lalamiko lingine ambalo mgeni hulielewa polepole. Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu za likizo ya shule, A, B na C, ili nchi nzima isipande milimani kwa wakati mmoja. Kila kanda hupata majuma mawili kati ya Februari na mwanzo wa Machi, na kuna siku kanda mbili hukutana. Paris iko kanda C. Wenyeji wanaijua ratiba hii kwa moyo, na Mparisi hata akinyamaza analaumiwa: anaegesha gari vibaya, anasimama upande usiofaa, hajui kuteleza. Waingereza nao wana likizo yao katikati ya Februari, na wao wanalaumiwa kwa kelele za usiku.

Kebo ya Flégère ni vibanda vidogo vya watu kumi. Mlango ukijifunga, kelele za kituoni hukatika ghafla, na mnabaki mkitazamana magoti. Harufu ni ya mafuta ya jua na glavu zilizolowa. Chini yetu misonobari ilipungua ukubwa. Mbele, ng'ambo ya bonde, safu yote ya Mont Blanc ilikuwa inasimama kidogo kidogo, barafu za bluu zikining'inia katikati ya miamba. Hakuna aliyeitazama. Walikuwa wanajadili theluji. Mteremko wa Flégère unaelekea kusini, kwa hiyo jua linauchoma: usiku theluji inaganda, mchana inayeyuka. Asubuhi saruji, mchana supu, alisema mama mmoja aliyevaa helmeti ya rangi ya chungwa, na kibanda kizima kikaitikia.

Mzee aliyekaa karibu nami aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomtajia Tanzania aliniambia anamkumbuka yule Mkenya. Nilijua anayemsema: mwaka 1998 huko Nagano, Japani, Kenya ilipeleka mtu kwenye mbio za skii za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa Norway aliyeshinda akabaki kwenye mstari wa mwisho kumsubiri na kumkumbatia. Mzee aliieleza habari hii kwa macho yaliyochangamka, akitumia glavu zake mbili kuonyesha jinsi walivyokumbatiana. Nikamwambia huyo ni jirani yangu. Akapiga paja kwa furaha. Halafu akagundua kiti kilikuwa na maji, suruali imelowa, na mazungumzo yakarudi kwenye malalamiko.

Kando ya njia zinazoteremka mjini nilikuta mizinga ya theluji, mirija mirefu ya chuma iliyosimama kama walinzi wasiopokezana. Inarusha maji yaliyopasuliwa kuwa matone madogo sana, na hewa ikiwa na baridi ya kutosha matone huganda kabla ya kugusa ardhi. Inanguruma usiku. Wenye nyumba za karibu wanalalamika hawalali. Wachezaji wanalalamika theluji hiyo ni ngumu. Na wapo wanaouliza maji yote hayo yanatoka wapi, lakini hao husema kwa sauti ya chini, maana bila mizinga hiyo njia za chini zingekuwa majani matupu wiki nyingi za mwaka.

Kebo ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Aiguille du Midi. Ilikamilika mwaka 1955. Inaondoka katikati ya mji na kwa dakika 20 hivi, ukibadilisha kibanda mara moja njiani, inakufikisha mita 3,777. Kwa anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kimo cha namna hiyo ni kibanda cha Horombo, mita 3,720, ambako hufika jioni ya siku ya pili akiwa na matope magotini. Mwaka 2019 kulipozungumzwa kuweka magari ya kebo Kilimanjaro, wapagazi na waongozaji walikuja juu, wakihofia mkate wao. Nikiwa ndani ya kile kibanda, masikio yameziba, nguzo ya chuma ikipita dirishani na watu wote wakiguna kwa pamoja kibanda kinapoyumba, niliwaelewa vizuri. Mashine hii haihitaji mtu wa kubeba mzigo wako.

Kileleni hewa ni nyembamba na baridi inaingia puani kwa ukali. Kuna mkahawa, kuna foleni ya choo, kuna manung'uniko kuhusu vyote viwili. Lakini pita mkahawa, ingia katika handaki lililochimbwa ndani ya barafu, kuta zake zinang'aa, sakafu imekwaruzwa na meno ya chuma ya viatu. Mwisho wake kuna lango. Nje ya lango ni ukingo mwembamba wa theluji wenye kamba pembeni, na kila upande ardhi inakwenda zake chini. Wanaokwenda kuteleza Vallée Blanche, safari ya kilomita 20 hivi juu ya barafu isiyopangwa njia, hupita hapo wamefungana kamba, skii wamezibeba.

Nilisimama langoni nikiwatazama kwa muda mrefu. Walikuwemo wale wale wa asubuhi, nilimtambua mmoja kwa koti lake la njano. Alikuwa amelaani bei ya kahawa kwa dakika kumi. Sasa kimya. Alikagua kifungo, akakagua cha mwenzake, akashuka hatua moja moja. Kule chini, penye uwanda mweupe mkubwa, walivaa skii na kuondoka, nukta baada ya nukta, kila moja ikichora mstari nyuma yake. Siku zote nilizokaa Chamonix sikumsikia mtu akinung'unikia mteremko. Wanalalamikia kupanda, kungoja, kubeba, kulipa na kuvaa. Kuteleza kwenyewe ni sehemu ndogo ya siku, na sehemu hiyo haina mashtaka.

Mashtaka yanawangoja mwisho wa safari. Vallée Blanche inamwagikia Mer de Glace, barafu kubwa kuliko zote nchini Ufaransa, ambayo watalii huifikia kwa treni nyekundu ya Montenvers. Nilipokwenda, waliomaliza kuteleza walilazimika kupanda ngazi za chuma zaidi ya 500 ili kufika kwenye kebo ya kurudia, skii begani, buti zikilia ngazi baada ya ngazi. Matusi niliyoyasikia hapo sitayaandika. Kebo hiyo ilipojengwa miaka ya 1980, ilishusha watu karibu kabisa na barafu. Barafu imeshuka, ngazi zikaongezwa mwaka hadi mwaka kuifuata. Kwenye mwamba, pembeni mwa ngazi, vimefungwa vibao vidogo vyenye mwaka: hapa ndipo barafu ilipofika 1990. Unashuka, unashuka tena, ndipo unakiona cha 2010. Njiani kijana mmoja alisimama kuhema, mkono kwenye kibao, akauliza nani alipanga ngazi nyingi namna hii.

Mwaka 2024 kebo mpya ilifunguliwa, juu zaidi kuelekea chimbuko la barafu, ambako barafu inatarajiwa kudumu kwa muda zaidi. Upande wa Argentière, kituo cha kebo ya Grands Montets kiliungua moto mwaka 2018, na nilipopita watu walikuwa wanakilalamikia kama ndugu aliyehama bila kuaga.

Jioni nilipanda treni pamoja na dada wa Bukavu. Nyumba nyingi za Chamonix ni za watu wanaokuja majuma machache kwa mwaka. Madirisha yamefungwa, na kodi ya zilizobaki haishikiki kwa mfanyakazi. Yeye analala Sallanches, chini ya bonde, na kila siku husafiri kwenda na kurudi. Hewa ya huko wakati wa baridi hutuama, moshi wa kuni na wa malori yanayokwenda kwenye handaki la kuvukia Italia haupati pa kutokea. Alikuwa amefunika pua kwa skafu. Nilimuuliza kama yeye hana lalamiko. Alikuwa nalo, akalitoa lote, kodi na moshi na treni, kwa Kiswahili, na abiria wengine hawakugeuka.

Atakayekwenda kutoka kwetu apange katikati ya Januari au mwisho wa Machi, shule za Ufaransa zikiwa zimefunguliwa. Avae soksi moja. Na dukani asilikimbilie buti linalomfurahisha upesi: buti linalotosha hubana.