Hiyo Haitoki

Kwa miaka mitano nilifundisha hisabati kidato cha nne, na neno nililolitumia kuliko yote lilikuwa "haitoki". Mwanafunzi akinyoosha mkono kuuliza juu ya duara, vekta au pembetatu, namjibu: hiyo haitoki kwenye mtihani, achana nayo, rudi kwenye takwimu. Darasa zima linashusha pumzi, maana hakuna habari tamu kwa mtahiniwa kama kuambiwa kwamba mzigo umepungua. Nami nilikuwa napunguza mizigo kila wiki, nikijiona mwema.

Nataka kuungama juu ya neno hilo. Hakuna mzazi aliyenilalamikia wala mkaguzi aliyeniandikia barua. Kwa hesabu za shule nilikuwa mwalimu aliyefanikiwa, na mpaka leo cheti cha pongezi ninacho.

Shule yenyewe ilikuwa ya kata, mkoani Singida, moja ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi wakati wa mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Madarasa yalikuwepo, madawati yalikuwepo kiasi, lakini mwalimu wa hisabati nilikuwa peke yangu kwa vidato vyote vinne. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia. Wanaokumbuka siku zile wanajua kilichotokea: zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata daraja sifuri. Iliundwa tume, na baadaye serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Kwetu kijijini kelele za Dodoma na Dar es Salaam zilifika kwa sura ya kikao kimoja cha walimu. Mkuu wa shule alisimama akasema maneno machache: mwakani sitaki sifuri. Akaniangalia mimi, kwa sababu hisabati ndiyo iliyokuwa imetuangusha. Na kwa kweli ndilo somo linalowaangusha watoto wengi kuliko yote nchini. Kwa miaka mingi alikuwa akifaulu takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano.

Usiku mmoja baadaye nilikaa na karatasi za mitihani iliyopita nikapiga hesabu ambayo baadaye niliionea aibu. Mtihani wa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu A ilikuwa na maswali 10 ya lazima, kila moja alama 6. Sehemu B ilikuwa na maswali 6, mtahiniwa achague 4, kila moja alama 10. Ili upate D unahitaji alama 30. Nikaona kwamba karibu kila mwaka sehemu B ina swali la takwimu, swali la hesabu za biashara, na swali la linia, lile la mkulima au fundi anayetafuta faida kubwa zaidi kwa kuchora mistari kwenye grafu. Tatu mara kumi, thelathini. Mtoto akizishika mada tatu tu, amefaulu. Nikaongeza matriki iwe akiba. Zilizobaki zote, yaani zaidi ya nusu ya muhtasari wa somo, nikazipa jina lao: hazitoki.

Sikuwa mvivu. Nilikuja shuleni Jumamosi, nilisimamia kambi ya watahiniwa, nililala shuleni wakati wa mitihani. Kila mwanafunzi alisovu swali la takwimu mara ishirini, thelathini. Kwa jasho lile lile ningeweza kuwafundisha hisabati.

Katika darasa lililomaliza mwaka 2016 kulikuwa na binti mmoja wa dawati la mbele, upande wa dirishani. Alikuwa na tabia ya kuandika kichwa cha mada kwa wino mwekundu na kukipigia mstari kwa rula kabla sijaanza kufundisha. Alikuwa na kitabu cha kiada cha kaka yake, kwa hiyo aliijua mada inayofuata. Siku moja nakagua madaftari nikalifungua la kwake nikakuta kichwa "Trigonometria" kwa wino mwekundu, mstari umenyooka, kisha kurasa nne tupu. Nikafunua. "Vekta", kurasa tatu tupu. "Dunia kama tufe", kurasa nne. Alikuwa ameniachia nafasi. Alidhani nimeziruka kwa muda na nitarudi.

Nilijua maana ya kurasa zile. Nikatia tiki chini ya ukurasa wa mwisho ulioandikwa, nikaweka tarehe, nikarudisha daftari.

Mwezi wa nane tukafanya moku, mtihani wa majaribio wa wilaya. Aliyetunga swali la linia aliligeuza kidogo tu. Badala ya mkulima wa alizeti na mahindi anayetafuta faida kubwa zaidi, kulikuwa na mtu anayetafuta gharama ndogo zaidi, na sentensi zilizozoeleka kusema "isizidi" zilisema "isipungue". Nilikaa kusahihisha. Karatasi ya kwanza, alama zote za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" zimetazama upande usiofaa. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Walikuwa wameandika mlolongo uleule waliouzoea kwenye mitihani iliyopita, kana kwamba sentensi za swali hazikuwepo. Niliita kijana mmoja ofisini nikamwuliza kwa nini alama hii ameielekeza huku. Akajibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, si ya kwanza na ya pili huwa zinaangalia kushoto?"

Hakuwa amesoma swali. Lilikuwa la Kiingereza, naye tangu darasa la kwanza hadi la saba alifundishwa kwa Kiswahili, na mimi sikuwahi kukaa naye kulichambua neno kwa neno. Nilimfundisha umbo la swali, na umbo likabadilika.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa kubwa zaidi, maana mpaka siku ile ningeweza kusema sikujua. Sasa nilijua. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Ningeweza kusimama mbele ya darasa nikasema tuanze upya, tujifunze kusoma swali. Nilichofanya ni kuwapa kanuni nyingine ya kukariri: ukiona neno la gharama, geuza alama.

Walifanya mtihani Novemba, matokeo yakatangazwa mwanzoni mwa 2017. Sifuri za shule zilipungua sana. D za hisabati zilijaa kwenye ubao wa matangazo kutoka juu mpaka chini. Kwenye kikao cha wazazi niliitwa mbele nikapewa kile cheti na bahasha, akina mama wakapiga vigelegele. Yule binti naye alikuwa na D. Nilikwenda kwenye ubao peke yangu jioni, watu wameondoka, nikaitafuta namba yake nikaifuata kwa kidole. D yake ilikuwa sawasawa na D ya kijana aliyeketi nyuma yake, ambaye mpaka anamaliza kidato cha nne alikuwa hajui kugawanya sehemu. Nilikuwa nimejenga darasa la thelathini, na yeyote aliyekuwa na uwezo wa sabini nilimkata akae sawa na wenzake. Kidato cha tano, kwenye tahasusi za sayansi zenye hisabati, D hiyo haikumsaidia. Hakuchaguliwa.

Niliacha neno "haitoki" baada ya simu moja. Kabla sijaisimulia, niseme ninavyofanya sasa, kwa sababu huenda anayesoma hapa ni mtahiniwa aliyebakiwa na miezi michache, au ni mzazi wake.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni namna ya kutumia mitihani iliyopita. Karatasi ya zamani ni kipimo kizuri ukishasoma mada. Ukiianza kabla ya mada inakuwa utabiri. Mwanafunzi wangu sasa anaifanya kwa saa tatu kamili, mezani peke yake, daftari limefungwa, na hatazami majibu mpaka muda uishe. Kisha anasahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na kila kosa analinakili kwenye daftari dogo la makosa pamoja na sababu yake: sikuelewa swali, nilisahau kanuni, nilikosea kujumlisha. Sababu hizo tatu zina dawa tofauti. Anayekosea kujumlisha hahitaji kusoma mada upya, na asiyeelewa swali hatasaidiwa na maswali mengine mia ya aina ileile. Baada ya wiki mbili anarudia yale aliyokosa tu, bila kuangalia. Daftari la makosa likijaa nafurahi kuliko daftari la nukuu likijaa.

La pili, kila Jumatatu nawapa maswali matano ya mada tano tofauti, mojawapo lazima liwe la kidato cha kwanza au cha pili. Wanalalamika, kwa sababu kusovu maswali ishirini ya mada moja kunampa mtu hisia kwamba anajua. Kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kukwambia hili ni swali la mada gani. Kulitambua ni nusu ya kazi, na nusu hiyo mimi nilikuwa nawafanyia wao.

Halafu kuna kitabu ambacho kilikuwa kwenye droo yangu miaka yote ile. Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ikionyesha swali kwa swali watoto walikosea wapi, na hata nakala za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mikono yao. Nilikuwa naifungua kutafuta mada gani imetoka ili nibashiri ijayo. Sikusoma maelezo yenyewe, ambayo yalikuwa yakirudia kilekile: watahiniwa hawakutambua matakwa ya swali, walitumia kanuni isiyohusika, walishindwa hesabu za msingi. Siku hizi naisoma darasani kwa sauti. Tunachukua jibu baya tunalitengeneza pamoja, na sentensi ya Kiingereza tunaivunja vipande kwa Kiswahili mpaka kila mtu aweze kuieleza kwa maneno yake. Inakula muda, na muda huo naupata kwa kuanza kidato cha tatu.

Na usingizi. Zamani kambini nilikuwa natembea na tochi kuwasifu waliokuwa bado macho saa nane usiku. Sasa taa zinazimwa saa nne.

Karatasi ya hisabati ya siku hizi ina maswali 14, yote ya lazima. Hakuna tena kuchagua. Hata hivyo neno "haitoki" nalisikia bado kwenye ofisi za walimu, na kila nikilisikia moyo unanidunda. Walimu wenzangu, najua presha mnayoipata. Najua mkuu wa shule naye amebanwa na afisa elimu, na afisa elimu amebanwa na mkoa. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini vikao vya wilaya bado vinatupanga kwa asilimia. Hata hivyo tunaolisema neno lile mbele ya mtoto ni sisi.

Simu yenyewe iliingia Novemba 2017, saa mbili usiku, nikiwa nakula. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikaitambua sauti ya yule binti. Alikuwa amepata nafasi ya kozi ya upimaji ardhi kwenye chuo kimoja, D yake ya hisabati ilimtosha kuingia, na alikuwa na wiki ya tatu pale. Aliniuliza habari za nyumbani, za shule, za mama watoto. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Saini ya pembe ni kitu gani hasa? Kwenye kikokotozi kitufe chake cha 'sin' nakijua. Nabonyeza, namba inatoka. Lakini ni namba ya nini?"

Hakuwa na lawama hata chembe. Alisema wenzake wote wanaonekana wanajua, anaona haya kuuliza darasani. Nikaweka sahani pembeni. Nikajaribu kumweleza kwa mdomo, haikuwezekana. Nikamwambia akate simu anisubiri. Nikachukua karatasi ya moku, nyuma yake nikachora pembetatu mraba ndogo, na nje yake, kutoka kona ileile, nikachora nyingine kubwa mara mbili. Nikapima kwa rula upande ulioikabili pembe ile na upande mrefu, katika ndogo na katika kubwa, nikagawanya, nikaandika majibu mawili yanayolingana. Nikapiga picha nikamtumia kwa WhatsApp. Chini yake nikaandika: pima na wewe, chora ya tatu ukubwa unaoutaka, pembe usiibadilishe.

Ilichukua karibu saa nzima. Nilikaa na simu mkononi. Saa nne kasoro ikaingia picha ya ukurasa wa daftari, pembetatu tatu zimechorwa kwa penseli, na juu yake kichwa cha wino mwekundu uliopauka, mstari umepigwa kwa rula. Lilikuwa daftari lile lile. Chini ya picha aliandika sentensi moja:

"Kumbe ni uwiano tu, mwalimu."

Uwiano nilimfundisha mwenyewe, kidato cha kwanza.