Sisi Wageni wa Bwaise

Mji wa Kampala husifiwa kwa vilima vyake, na mgeni ajaye mara ya kwanza huonyeshwa vilima hivyo kwa kidole: Namirembe na Rubaga kwa makanisa yake, Kibuli kwa msikiti wake, Makerere kwa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1922. Bwaise haionyeshwi. Bwaise ni bonde lililo kaskazini ya Makerere, kando ya barabara iendayo Bombo, na maji yaliyokataliwa na vilima huteremkia huko. Sisi walimu wawili wa Kiswahili, mmoja wa Tanga na mwenzake wa Mombasa, tumepanga huko vyumba viwili vilivyopakana. Kwa kuwa wenzetu kadhaa wametuuliza maisha ya huko yakoje, na mgeni mwenye Jumamosi moja aende kutazama nini, tumeona afadhali tuwajibu wote kwa pamoja.

Hatuna budi kuanza na maji. Karibu kila mlango wa mtaa wetu una kizingiti cha matofali kilichoinuliwa hata kukaribia goti, ambacho mgeni hudhani ni cha kuzuia kuku. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Lubigi hujaa, mifuko ya plastiki, ambayo wenyeji huiita kavera, huziba njia ya maji, na maji hurudi majumbani mwa watu. Hapo magodoro huwekwa juu ya meza, na watoto juu ya magodoro. Mfereji umepata kupanuliwa, na barabara kuu ya mzunguko wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009, hupita papo hapo. Lakini vizingiti havijabomolewa, nasi twawaamini wenye vizingiti kuliko wahandisi.

Chakula si shida. Soko la Kalerwe liko karibu, na matoke hupatikana kwa mkungu au kwa fungu. Asiyekuwa na nafasi ya kupika hula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Saa nazo hazimsumbui Mswahili, maana Waganda huhesabu kama sisi: saa mbili ya asubuhi kwao ni ssaawa bbiri, wala hakuna haja ya kujumlisha sita.

Ndani ya nyumba mwalimu wa Kiswahili hujiona kama aliyetangulia kufika. Dirisha huitwa eddirisa, meza ni emmeeza, kitabu ni ekitabo, sabuni ni ssabbuuni, sahani ni ssowaani. Mwanamume wa Kiganda aendapo ukweni huvaa kanzu, kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo tulitazamia kwamba watu wenye kanzu na sahani za Kiswahili wangekipokea Kiswahili chenyewe kwa moyo mkunjufu.

Mwenye nyumba wetu ni bibi mjane ambaye mtaa mzima humwita Jajja, nasi humwita vivyo hivyo. Siku tulipohamia alitukaribisha vizuri, akatuonyesha bomba na choo, kisha akatupa sharti moja: tuzungumze Kiswahili chetu ndani, tusikizungumzie mlangoni pake. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba mbwa afungwe.

Sababu tulizipata kidogo kidogo, na nyingine tulizipata mlimani. Mgeni mwenye Jumamosi moja, basi, na aende Kasubi. Kutoka Bwaise si mbali. Hupitia Kawaala, na mwenye miguu mizuri hahitaji bodaboda. Juu ya kilima ipo nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 iwe ikulu yake. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baada yake wakazikwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Paa lake lina pete hamsini na mbili, kila pete ikiwa alama ya ukoo mmoja wa Buganda. Nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikateketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tulisimama mbele yake tukakumbuka kwamba wawili kati ya hao wanne walifia ugenini: Mwanga Shelisheli mwaka 1903, Muteesa wa Pili London mwaka 1969.

Kwetu sisi walimu, Kasubi ni zaidi ya paa. Muteesa wa Kwanza alikijua Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikwisha fika Buganda tangu enzi ya baba yake, Suuna. Mwaka 1875, Stanley alipomzuru, alimwachia kijana mmoja aliyesomeshwa Zanzibar na wamisionari, jina lake Dallington Maftaa, akawa karani wa Kabaka na kumsomea Biblia kwa Kiswahili. Huyo ndiye mwenzetu wa zamani, mwalimu mgeni kama sisi. Lakini katika nyumba hiyo hiyo amelala pia Daudi Chwa, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920, gavana Gowers alipotaka Kiswahili kienee mashuleni, alikipinga waziwazi. Waliokitaka na waliokikataa wamefunikwa na paa moja.

Baadaye Kiswahili kikawa lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo kutoka kwake halikuwa sifa. Kisha, katika utawala wa pili wa Obote, kati ya 1980 na 1985, yakaja misako ambayo Kampala yote huijua kwa maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Watu walikusanywa, wakaamriwa kupanda malori, na wengi hawakurudi. Jajja alikuwa kijana wakati huo. Hajatuambia ni nani wake aliyepanda, nasi hatujamwuliza.

Tangu hapo tumeyatazama upya masomo yetu ya kwanza. Vitabu vingi huanza na amri: simama, kaa, njoo hapa, lete. Katika mji huu hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kizuizini. Sisi sasa huanza na dirisha, meza na sahani, ambavyo mwanafunzi anavyo tayari, kisha maamkizi. Amri husubiri muhula wa pili. Jambo hili si dogo, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Mjukuu wa Jajja anakisoma. Kwa kawaida hufanyia kazi zake barazani kwetu. Jioni moja ya Novemba mvua ilimzuia kutoka, akasoma ndani kwa bibi yake, kwa sauti kama walivyo watoto: "Bibi anapanda maharage." Jajja akaacha kuchambua mchele. Akatuita kwa ukutani, tukaenda, akauliza kwa Kiganda neno hilo linafanya nini katika kitabu cha mtoto. Tukamweleza kwamba panda ni maneno mawili. Moja ni la kukwea, na la pili ni la kutia mbegu ardhini. Alinyamaza kwa muda, macho yake yakiangalia kizingiti. Kisha akamwambia mtoto asome tena, na aliposoma akasema kwamba bibi wa kitabuni, kama ana akili, angengoja mvua za Machi.